Aliyeshika Usukani Jumapili Ile

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam.
Jumatano asubuhi.

Kwa kaka yangu Kondo,

Asalaam aleikum. Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua cha mdogo wao kimepoa, maana upepo wa huko naujua. Sie huku tunapumua. Mama anakula, analala, anaswali kwa wakati wake. Mie mwili hauna neno. Kilichobaki ndicho kilichonikalisha hapa mezani kabla sijapika hata chai.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kama enzi za marehemu baba. Nitampa Kornelio, jirani yetu wa nyumba ya pili, anayekuja huko kwa semina, akukabidhi mkononi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe una kumi, na nikikazana unasema mtandao mbaya, unakata. Karatasi haikatwi, kaka. Isome mpaka mwisho hata ukikasirika, kwa sababu mie nimekasirika kukushinda na bado nimejitahidi kuandika kwa mwandiko unaosomeka.

Nianze na jambo ambalo nyumbani kwetu halitajwi. Mdogo wetu Khalfani anakunywa pombe. Naliandika hivyo hivyo lilivyo. Tumelelewa na baba aliyekuwa anaadhini msikitini, basi neno hilo tukalifanya kama halimo katika Kiswahili. Khalfani akirudi anayumba, tunasema ana malaria. Akitapika, tunasema ni chipsi za barabarani. Shangazi akiuliza mbona macho mekundu, mie huyu huyu mwalimu wa watoto wa watu nimewahi kujibu kwamba kapigwa na vumbi la saruji. Na kila nilipokwambia tukae tuzungumze kama familia, jibu lako lilikuwa moja, kwamba Mama ana presha, akijua tutamzika.

Kumbuka mara ya kwanza alipokamatwa. Ilikuwa mchana, barabara kuu, trafiki wamesimama na kile kipimo cha kupuliza. Akapuliza, kikalia. Alilala mahabusu, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini na leseni ikasimamishwa. Wewe ulisema kadhalilishwa. Mie nataka nikwambie kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu ulikuwa Dodoma na hukukiona. Khalfani alibadilika. Gari ulilomwachia Mama kwa ajili ya kliniki lilikaa uani limefunikwa turubai. Alikuwa anampeleka Mama hospitali kwa bajaji, anamshika mkono anaposhuka. Jioni alikuwa nyumbani, anakaa barazani anamenya viazi huku ananitania kuhusu wanafunzi wangu. Aliogopa, kaka. Alikuwa anasema waziwazi kwamba lile godoro la mahabusu limemtosha. Wale waliotunga sheria ile, sijui ni kina nani, lakini kwa miezi ile walikuwa wameniponyea ndugu yangu.

Kisha wewe ukapiga simu.

Sijui ulimpigia nani kutoka huko wizarani kwako, na sitaki kujua. Najua tu kwamba leseni ilirudi kabla ya muda wake, imeletwa mpaka mlangoni ndani ya bahasha na kijana aliyekataa hata maji ya kunywa. Khalfani akaibusu. Turubai likatoka siku hiyo hiyo. Mara ya pili aliposimamishwa mie nilikuwemo ndani ya gari. Akapuliza, kikalia tena, na askari akaanza kuandika. Khalfani akakupigia, akamnyooshea askari simu dirishani akisema, "Ongea na braza." Nilimwona yule askari anavyobadilika uso. Alicheka, akaitika ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, akarudisha simu kwa mikono miwili. Tukaondoka. Khalfani akaniambia, "Umeona, sista? Sheria inasoma namba ya simu kwanza."

Tangu siku ile hakuogopa tena kufungwa. Kilichobaki kwake ni usumbufu wa kusimamishwa, na usumbufu akautafutia dawa. Akajiunga na kundi la madereva kwenye simu, wanaarifiana trafiki wako wapi. Mmoja anaandika wazee wako darajani, mwingine anajibu pita kwa ndani. Basi ndugu yetu, akiwa amelewa, akaacha barabara kuu yenye taa na mistari, akahamia vichochoroni, huko ambako watu wanaanika nguo, wanakaanga mihogo, watoto wanacheza mdako katikati ya njia. Hayo ndiyo mabadiliko aliyoyafanya. Chupa hakupunguza hata moja. Alijifunza mitaa.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe, maana toleo unalolijua ni lile ulilolitunga mwenyewe.

Tulikuwa Kipawa kwa mama mdogo, kwenye akika ya mtoto wa Lulu, binti yake. Watu walikula pilau, wakasoma maulidi, mambo mazuri. Baada ya adhuhuri Khalfani akapotea. Nilimwona anatokea upande wa ile grosari ya bia nyuma ya reli, anatafuna bigijii kwa nguvu kama anayegombana nayo. Mama akasema atalala kwa mdogo wake, sie turudi Temeke, mie nina madaftari ya kusahihisha. Kwenye gari nilimwomba funguo. Nikamwambia, "Khalfani, nipe niendeshe mie." Alicheka, akaniambia amekunywa soda, na kwamba hawezi kuendeshwa na mwanamke mbele ya watu wote wale waliosimama uani. Mama mdogo alikuwa anatupungia. Lulu alikuwa ameninyanyulia mtoto nimuage. Nikaona haya kugombana. Nikapanda, nikafunga mkanda.

Tulipokaribia barabara kuu simu yake ikalia, akasoma ujumbe, akakata kona kuingia Yombo. Nilimwambia apunguze mwendo, huku kuna watu. Akajibu, "Huku ndani hakuna mtu." Kaka, kulikuwa na mama anauza vitumbua. Kulikuwa na wazee wanacheza bao, watoto wana mpira wa makaratasi. Kwa Khalfani hao wote hawakuwa watu. Mtu alikuwa ni yule aliyevaa nguo nyeupe na kushika kipimo.

Bodaboda ilitokea kwenye njia ya mkono wa kushoto, taratibu, ina haki yake yote. Sikusikia breki. Nilisikia kishindo, kisha kioo.

Dereva wa bodaboda anaitwa Praygod. Mguu wake ulivunjika juu na chini ya goti. Abiria wake ni msichana anayeitwa Alifiya, binti wa Bwana Jawad mwenye duka la vifaa vya umeme Chang'ombe. Kazi yake ilikuwa kuwafanyia watu mazoezi ya viungo, na siku hiyo alikuwa anatoka kwa bibi mmoja aliyepooza upande mmoja, ambaye alimzoea hata hataki kushikwa na mtu mwingine. Nilishuka nikakaa naye chini. Nikavua mtandio wangu nikamwekea kichwani, ukaloa. Alikuwa anaongea. Aliniuliza, "Yule kaka wa pikipiki mzima?" Nikamwambia mzima. Akasema, "Mwambieni asilipishwe, hakuwa na kosa." Ndipo nilipoinua kichwa kumtafuta Khalfani aniletee maji, nikaona mlango wa dereva uko wazi na yeye hayupo. Waliokuwepo waliniambia kapanda bajaji. Aliona bodaboda zinaanza kukusanyika, akajua watamfanya nini, akatuacha. Mie nikabaki na gari, na Alifiya, na kelele za watu.

Alifiya alifariki pale pale, kabla hajafikishwa hospitali. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Polisi walipofika walimkuta mwanamke mmoja kwenye ajali, na gari ni la kwao, yaani letu. Wakanipima. Nikapuliza, kikaonyesha sifuri. Na unajua mwingine aliyepimwa ni nani? Praygod. Amelala kitandani, mguu umening'inizwa, wakamtoa damu kuangalia pombe, wakamuuliza habari za bangi, kwa kuwa bodaboda ni lazima awe amevuta kitu. Aliwaambia kwamba aliyekuwa anaendesha ni mwanamume, amevaa kanzu. Wakamwambia amegonga kichwa, na wa pale mtaani hawakumuuliza hata mmoja. Khalfani hakupimwa siku hiyo wala kesho yake. Hata angejitokeza baadaye, akiwa ameoga na kunyoa, hakuna mashine duniani ambayo ingesoma alichokunywa Jumapili.

Na wewe, ukiwa umeshapigiwa na Khalfani, ukapiga simu tena, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kituo, vidole vyangu vina damu ya binti wa watu. Sijasahau neno hata moja. Uliniambia nisiwe mjinga. Kwamba mie sina pombe, nina leseni safi, ni mwalimu, ni mwanamke, hakimu ataniangalia kwa huruma. Niseme nilikuwa naendesha na breki zikagoma. Itakuwa ajali kama ajali nyingine. Kwamba Khalfani akifungwa, Mama hatoki salama. Ukasema, "Tabu, unataka kumuua Mama?"

Nikasema nilikuwa naendesha mie. Nikatia saini maelezo, wakaniruhusu nisubiri kesi nyumbani. Nakiri hapa kwako ingawa wewe ndiye uliyeniwekea maneno mdomoni, kwa sababu mkono uliotia saini ni wangu.

Baada ya maziko nilikwenda kutoa pole. Mama alisema tutakwenda wote. Nyumba ya Bwana Jawad ilijaa wanawake waliovaa nyeusi, wamekaa chini, mmoja anasoma kwa sauti ndogo. Mama yake Alifiya, Bi Fatema, aliambiwa kwamba mie ndiye niliyekuwa na gari. Nilijua atanipiga, na nilitaka anipige. Aliniita nikae karibu yake. Alinishika mkono huu huu, akaniuliza mwanawe alisema nini mwisho. Nikamwambia kweli yote, habari za kaka wa pikipiki. Akalia, kisha akacheka kidogo, akasema ndivyo alivyokuwa, anamhurumia hata mwizi.

Halafu akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema: "Binti yangu, tumekusamehe. Nimemwambia Jawad asiende mahakamani kukugandamiza. Chuma kikigoma, binadamu atafanya nini? Ila namshukuru Mungu hakuwa mlevi. Angekuwa mlevi, kusamehe nisingeweza."

Kaka Kondo, umewahi kupewa kitu kisicho chako ukakipokea kwa mikono miwili? Nilisema ahsante mama. Nilisema ahsante! Nikanywa na chai yao. Wanawake wakaniombea dua nipate nguvu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na haijapungua. Ninamkasirikia Khalfani, ndiyo. Ninamkasirikia yule askari wa mikono miwili. Nikisikia redioni matangazo ya usinywe ukiendesha, nataka kuitupa redio nje, kwa sababu najua tangazo lile linasikilizwa na Praygod, wala halimhusu mwenye kaka kama wewe. Lakini zaidi ya wote ninakukasirikia wewe. Watu wanasema sheria hizi hazifanyi kazi. Uongo. Nimeiona ikifanya kazi uani kwetu, nimeiona ikimenya viazi barazani. Wewe uliiondoa kwa simu moja ukiwa umekaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, na ukaita hiyo mapenzi ya ndugu. Kama leseni ile ingebaki walikoiweka, Alifiya leo angekuwa anamnyoosha yule bibi mkono.

Sasa nikwambie lile ambalo hujalisikia, kwa sababu nimemwomba Khalfani asikupigie na yeye, kwa mara ya kwanza, amesikia.

Jana asubuhi nilirudi kituoni nikafuta maelezo yangu. Nimeandika upya kila kitu: nani alikuwa kwenye usukani, alikuwa amekunywa wapi, kwa nini tulipita Yombo, nani aliyenipigia nikiwa pale kwenye benchi na akaniambia nini. Jina lako limo, kaka. Sikulificha.

Unasema moyoni kwamba nimemuua Mama. Basi sikiliza. Mama ndiye aliyenipeleka.

Siku ile tulirudi mie na Mama kutoka kwa Bi Fatema. Tulipoingia ndani alivua baibui, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akaniuliza nani alikuwa anaendesha. Nikaanza habari za breki. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Mie ndiye ninayemfulia Khalfani mashati. Miaka yote hii mlidhani pua yangu imekufa?" Alijua, kaka. Alijua tangu kabla ya mahabusu. Alinyamaza kwa sababu aliona sie tunamficha yeye, akadhani akisema atatuvunja sie. Tulikuwa nyumba nzima tunamlinda mtu asijue anachokijua, na yeye anatulinda tusijue kwamba anajua, na katikati yetu kijana anaendesha gari.

Yeye ndiye aliyempigia Khalfani huko Mbagala alikojificha kwa rafiki yake. Alimwambia aje ale. Akampikia wali na samaki wa nazi, akakaa anamtazama mpaka alipomaliza. Kisha akamwambia aende akaoge, avae shati safi, watatoka. Khalfani akauliza wanakwenda wapi. Mama akamwambia, "Kule ulikomwacha dada yako." Alilia kaka, alilia kama alivyokuwa analia akichomwa sindano. Alisema alidhani atafungwa maisha, alisema aliogopa bodaboda, alisema anaisikia ile sauti ya kishindo kila akilaza kichwa. Mama alimfuta pua kwa ncha ya khanga. Lakini safari hakuiahirisha. Tulitoka watatu, Mama katikati, ametushika mikono. Pale mapokezi askari alimuuliza Mama ana shida gani. Akajibu, "Nimemleta mwanangu. Na huyu binti alidanganya, naye nimemleta."

Khalfani yuko ndani. Mie nimefunguliwa shauri la kutoa taarifa za uongo. Aliyenidhamini ni mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Benedicta, ambaye aliniambia usoni kwamba hajui kama kazi nitabaki nayo, kisha akatia saini. Praygod nilimtembelea. Alinisikiliza, akageukia ukuta, akasema afadhali sasa watu watajua hakugonga kichwa.

Na kwa Bi Fatema nilirudi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana sikustahili kukaa. Akaniambia amesikia. Akaniambia msamaha wake alimpa mtu mwingine, mtu ambaye hayupo, na mie sina changu pale. Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Ningefurahi angeubamiza.

Huenda utanichukia. Huenda na wewe utaitwa kuhojiwa, na pale kazini watu watanong'ona. Yote hayo nimeyafikiria kabla sijashika kalamu. Nilipomsomea Mama barua hii mpaka hapa alisema nisifute mstari. Ameniagiza nikwambie kwamba presha yake anaijua mwenyewe na dawa zake anazimeza mwenyewe, na kwamba kukuzaa wewe kwanza hakukupa ruhusa ya kuamua nani auawe ili yeye aishi.

Kesi inatajwa mwezi ujao. Njoo. Panda basi kama watu wengine, tukae benchi moja mahakamani, mbele ya Bwana Jawad na mkewe, watuone sote sura zetu. Na mpaka siku hiyo, kaka, nakuomba kwa heshima yote ninayokupa tangu utotoni: usimpigie mtu yeyote simu. Wala kwa ajili ya Khalfani, wala kwa ajili yangu.

Nisalimie sana wifi. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, na anauliza kama unakula vizuri.

Wako mdogo wako,
Tabu